Makasha ya Ngoma za Mfalme

Hii ni wiki ya saba tangu nirudi Wundanyi, na bado nikiona kitu cha kioo mikono yangu inakwenda yenyewe kukishika kwa chini. Juzi mke wangu aliweka glasi ya maji ukingoni mwa meza, nikaiondoa kabla hajaiachia vizuri. Aliniuliza nina nini. Ninyi mliobaki ghalani Riyadh mtanielewa, na ndio ninaowaandikia: Otieno, Mutiso, na wale wapya ambao bado wanakaza skrubu za kasha kana kwamba ni nati za lori.

Mambo ya vyeo sitayaandika. Nilipata viwili katika miaka kumi na tisa, na cha pili kilikuja na ufunguo wa choo. Ya mshahara mnayajua. Nitaandika ya kazi.

Nilifika Riyadh na ikama, kile kibali cha ukaazi, iliyosema mimi ni seremala. Kafili wetu, tajiri aliyetudhamini, alikuwa na kampuni ya kufunga na kusafirisha vitu vya thamani, akataka watu wa kutengeneza makasha ya mbao. Mimi nilikuwa nimetoka kuuza vitabu vya shule katika duka la shemeji yangu pale Voi. Siku ya kwanza msimamizi, Msudani mrefu tuliyemwita Amm Bashir, yaani ami Bashir, aliniambia nikate ubao. Nikaukata. Aliupima, akautazama msumeno, kisha akanitazama mimi.

"Kwenu mbao hukatwa na nani?" aliuliza.

"Na watu wengine, Amm."

"Basi utaanza na kufungua."

Kwa mwezi mzima sikufunga kitu. Nilifungua makasha yaliyotoka ng'ambo, na kila nilipokuta kitu kimevunjika Amm Bashir alinikalisha chini nimweleze kilivyovunjika. Vase imepasuka shingoni: aliyeifunga alijaza sponji pembeni akasahau ndani. Fremu imelegea kona moja: kasha lilisimamishwa upande usio wake. Baada ya mwezi huo nilikuwa nimejua makosa ya wafungaji wa nusu ya dunia, na nikawa na woga wa kutosha kuanza kazi.

Woga huo haukunizuia kufanya makosa yangu mwenyewe. Mtu mmoja wa mtaa wa Al-Suwaidi alihamia nyumba mpya na taa yake ya kutundika darini, yenye vipande vya kioo zaidi ya mia tatu. Nilivivua kimoja kimoja na kuvibandika namba kwa mkono wangu. Wenzangu wa kule alikohamia walisoma namba kwa Kiarabu, na kwa Kiarabu tano huandikwa kama sifuri yetu. Kumi ikawa kumi na tano, ishirini ikawa ishirini na tano. Taa ilipowashwa ilikuwa imenenepa upande mmoja. Madam mwenye nyumba aliizunguka, akasema labda ndivyo ilivyokuwa siku zote, hakuwahi kuitazama vizuri. Mimi na Amm Bashir tulirudi Ijumaa yetu ya mapumziko tukaipanga upya. Njiani hakuniambia hata neno moja, na hiyo ndiyo adhabu ninayoikumbuka kuliko zote. Tangu hapo naandika namba kwa maneno.

Amm Bashir aliporudi kwao aliniachia kipimo chake cha unyevu, kile kidogo cha duara chenye mshale. Alisema watu wa Riyadh wanaogopa joto, lakini kinachoua mbao na ngozi ni ukavu. Wakati huo tulikuwa tunahamisha nyumba za watu tu. Baadaye maonyesho yakaanza kuja, leo michoro, kesho mavazi, na kampuni ikanunua lori lenye kibaridi nyuma na viti safu mbili mbele. Nikawa mfungaji na dereva pia. Hapo ndipo nilipopewa ngoma za mfalme.

Zilitoka katika dola moja ya Kimalay. Zilikuwa tano: ngoma kubwa yenye umbo la bakuli, ngoma mbili ndefu za kupigwa pande zote mbili, tarumbeta la fedha refu kuliko mkono wangu, na nzumari. Ziliteremshwa Jeddah, nami nikatumwa kwenda kuzichukua na kuzipeleka Riyadh kwenye maonyesho ya ala za kale. Pamoja nazo walikuja walinzi wa ngoma hizo, watu wa ukoo ambao kazi yao tangu mababu ni hiyo tu: Tok Rahim, mzee wa miaka sabini na kitu, na wapwa zake wawili wasiosema sana. Tok maana yake ni babu. Alivaa kofia nyeusi na viatu vya raba, na alitembea kuzunguka lori langu mara mbili kabla ya kunisalimia.

Waandaaji walikuwa wametuletea mkalimani, Bwana Yusuf, mtu wa Jeddah wa makamo, mnene, mcheshi. Babu wa babu yake alikuja kuhiji kutoka nchi za Wamalay akabaki, na jina la ukoo lilionyesha hivyo. Kwa sababu ya jina hilo walimpigia simu. Ilichukua robo saa kugundua kwamba Kimalay chake chote kilikuwa cha chakula.

"Mbona ulikubali kazi?" nilimwuliza pembeni.

"Maisha yangu yote naitwa Mjawi, yaani mtu wa Wamalay," alisema. "Shuleni Mjawi, kazini Mjawi. Nikaona aibu kumwambia yule msichana wa ofisi kwamba sijui kitu."

Basi tukaanza kupakia. Nilipoinua kasha la kwanza Tok Rahim akasema, "Hati-hati." Nikaliweka chini nikamletea hati za forodha. Alizitazama kwa adabu akanirudishia. Nikainua tena. "Hati-hati," akasema. Nikamletea hati za bima. Mara ya tatu nilimletea ikama yangu. Mpwa wake mmoja aliinama kushika kiatu, nikaona mabega yake yanatikisika. Ndipo Tok alipoonyesha kwa mikono mtu anayebeba kitu taratibu, akasema, "Pelan-pelan."

"Pole pole," nikasema.

"Pole pole," akakubali, na kutoka hapo tukaelewana.

Nilikuja kugundua kwamba Kimalay na Kiswahili vina maneno kadhaa yaliyopita katika bandari zilezile. Sabuni ni sabun. Bendera ni bendera. Limau ni limau, almari ni almari. Kwa maneno kama thelathini na vidole kumi tulipanga mzigo wote. Ngoma kubwa haikuwekwa chini wala juu yake hakikuwekwa kitu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuiruka. Nilitengeneza jukwaa dogo la mbao ndani ya lori, nikaifunga kwa mikanda minne, Tok akaitandikia kitambaa cha manjano. Alikagua kila fundo. Kisha akagusa pembe ya kasha langu, akapitisha kidole kwenye maungio, akatikisa kichwa kukubali. Amm Bashir mwenyewe hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo.

Safari ya kutoka Jeddah hadi Riyadh ni saa tisa ukiwa na mzigo wa kuvunjika. Kabla ya Makka barabara inagawanyika, na sisi tusio Waislamu tunapita njia ya kuzunguka. Nilipokata kona Tok aliuliza kwa macho. Nikajigusa kifua nikasema mimi Mkristo.

"Ah," akasema kwa upole. "Gereja."

Nilishtuka. "Hapana Tok, sijawahi kufungwa."

Bwana Yusuf alilitafuta neno hilo miongoni mwa vyakula vyake akalikosa. Tok akafikiri, halafu akasema pole pole, "Jumaat, masjid. Ahad, gereja." Kumbe kwao gereja ni kanisa. Nilicheka hadi nikapunguza mwendo, na nilipomweleza gereza ni nini kwetu, kwa kukutanisha vifundo vya mikono kama mtu aliyetiwa pingu, naye alicheka mpaka kofia ikasogea.

Kazi yenyewe ilianzia Taif. Tulipoteremka upande wa pili wa milima hewa ilikauka, na kila tuliposimama nilifungua nyuma nikaangalia kipimo. Mshale ulikuwa unashuka. Ngozi ya ngoma iliyokulia kwenye nchi ya mvua ikiletwa Najd, bara kavu la Riyadh, kwa ghafla hukakamaa kama chapati ya jana, na ikipasuka hakuna cha kuomba radhi. Nilikata sponji vipande, nikaviloweka, nikavikamua mpaka visidondoshe, nikavitia kwenye makopo yenye matundu na kuyafunga ndani ya makasha, mbali na ngozi. Tok alikaa chini kando yangu akanisaidia kukamua. Tulifanya hivyo mara tatu barabarani, kwenye vituo vya mafuta, malori yakitupita. Tulipofika Riyadh mshale ulikuwa umetulia mahali pake.

Shida ilikuwa inatungoja ukumbini.

Mkuu wa maonyesho alikuwa madam Hanan, msichana wa Riyadh mwenye simu mbili na mwendo wa haraka, na mwenye haki pia, nimwongelee vizuri. Alizitazama ngoma, akafurahi, akasema kesho saa kumi jioni wageni watakaa hapa na wapigaji watasimama pale. Bwana Yusuf akatafsiri nadhani nusu yake. Tok Rahim hakuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukakunjamana.

Kwa bahati alikuwapo Nesi Aminah, Mmalay aliyefanya kazi hospitali moja ya Riyadh, aliyejitolea kusaidia maonyesho siku zake za mapumziko. Yeye ndiye aliyetufafanulia sote.

"Barua ya mfalme inasema zionyeshwe," alisema. "Haisemi zipigwe. Ngoma hizi hupigiwa mfalme tu, na yeye hayupo."

"Mialiko imeshatoka," madam Hanan alisema. "Imeandikwa watu watasikia muziki wa ikulu ya Wamalay. Hawezi kupiga kidogo tu?"

Aminah aliuliza. Tok alijibu kwa sentensi moja fupi.

"Anasema akizipiga kwa mgeni, zitakuwa ngoma tu."

Madam Hanan alikaa kwenye kiti. Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu watu wa kuwapigia simu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kasha nikingoja kuambiwa nifungue au nifunge. Nikamwuliza Aminah, kwa kuwa sikuwa na la kupoteza, kwa nini ngoma ziwe na uzito hivyo.

"Kwetu kumtawaza mfalme kunaitwa kumpigia," alisema. "Neno lenyewe linatokana na ngoma. Anaweza kuvaa taji na kukalia kiti, lakini mpaka hizi zilie hajawa mfalme. Na sisi hatujawa watu wake." Alizigeukia ngoma. "Ofisi zetu zimewahi kuendeshwa na wageni wa kila namna. Mavazi yamebadilika, hata maandishi. Ukituuliza Mmalay ni nani kila mtu ana jibu lake na tutabishana hadi kesho. Ngoma hizi zikilia hatubishani."

Bwana Yusuf alikuwa anasikiliza hilo akiwa amesimama. Akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, "Na sisi tuliozaliwa Jeddah?"

Hapo ndipo mpwa mmoja wa Tok, aliyechoka kungoja, alipoanza kugonga kifuniko cha kasha kwa vidole. Alikuwa anacheza tu. Tok, akiwa bado amempa mgongo, alisema neno moja. Mpwa akarekebisha, akagonga tena. Tok akasema neno lingine.

"Hiyo nayo ya mfalme?" nilimwuliza Aminah.

Alimwuliza Tok. Safari hii jibu lilikuwa refu, na Tok aligusa goti lake, kisha meza, kisha mlango.

"Hiyo ni ya kujifunzia," Aminah alisema. "Hakuna anayeruhusiwa kugusa ngoma zenyewe kabla ya kuhitimu, kwa hiyo wanafunzwa kwenye magoti, kwenye meza, kwenye mlango wa nyumba. Mwendo ni uleule, ila inasimama kabla ya pale mfalme anapoingia. Hiyo anasema ni yao wenyewe."

Tulitazamana. Madam Hanan akainuka. "Muulize kama anaweza kugonga hiyo kesho, mbele ya watu. Ngoma zikae kwenye kioo, zisiguswe."

Tok alizitazama ngoma. Akaja nilipokaa, nikapisha. Akagonga kasha langu kwa kifundo cha kidole, pembeni, katikati, karibu na bawaba. Akaenda kwenye la pili. Akarudi kwenye la kwanza akasema kitu.

"Anauliza umelitengeneza kwa mbao gani," Aminah alisema.

"Plywood, milimita kumi na mbili. Ndani kuna sponji."

"Anasema toa sponji."

Nikatoa sponji. Mchana wa kesho yake nilikaza kifuniko cha kasha moja na kulegeza cha lingine, Tok akigonga na kunyoosha kidole juu au chini, mpaka tukapata makasha matatu yenye sauti tatu. Nilikuwa nimetengeneza makasha yasiyohesabika katika maisha yangu ili yasitoe sauti yoyote, na sasa nilikuwa natengeneza haya yalie. Yalikuwa na mihuri myekundu ya mshale wa kuelekea juu na picha ya glasi. Madam Hanan alitaka kuifunika kwa kitambaa, Tok akasema iachwe.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Palikuwa na wageni wa kibalozi safu ya mbele, na nyuma Wamalay wa Riyadh: manesi, wanafunzi, mafundi wa mafuta na familia zao. Mimi nilisimama kando na bisibisi mfukoni, endapo kifuniko kitalegea. Tok na wapwa zake waliinamia kabati la kioo zilimokuwa ngoma, wakaketi chini na kuanza kugonga.

Mwanzo niliona watu wa mbele wakitabasamu, maana si kila siku mtu anavaa hariri na kugonga kasha la mizigo. Mwendo ulikuwa wa taratibu, mzito, kama msafara wa mfalme usio na haraka kwa sababu hakuna kitakachoanza bila yeye. Halafu nikasikia viti vya nyuma vikisogezwa. Mwanamke mmoja alisimama. Wa pili akasimama. Kabla ya dakika moja kupita Wamalay wote walikuwa wamesimama, mikono imekutana mbele, kimya, na mama mmoja alimnyanyua mtoto aliyekuwa akila biskuti akamweka wima.

Bwana Yusuf alikuwa karibu nami. Alimwinamia Aminah akauliza, "Tufanyeje?"

"Simama tu," alimwambia. "Mikono hivi."

"Mfalme hayupo."

"Najua. Mimi nimelelewa kuacha ninachofanya nikisikia hii."

Bwana Yusuf alisimama wima akaweka mikono hivyo. Machozi yalimtoka, akaona haya, akaacha yatoke. Makasha yaliendelea, kisha yakakoma ghafla, katikati ya hatua, pale ambapo mfalme angeingia. Hakuna aliyepiga makofi kwa muda. Madam Hanan, aliyekuwa na simu moja tu mkononi, aliniambia baadaye kwamba kimya kile kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote alichokiandika kwenye mialiko.

Maonyesho yalipokwisha nilizirudisha ngoma Jeddah na abiria walewale. Bwana Yusuf alikaa nyuma ya kiti cha Tok na kujifunza kipigo kile kwenye goti lake. Alijifunza kutoka Riyadh hadi Jeddah, saa tisa kamili, vibaya. Tok alimsahihisha kila mara bila kuchoka. Mimi nilichoka tulipofika Taif. Kwenye uwanja wa ndege mzee alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema "hati-hati", nikamwambia sina hati zaidi ya hizi.

Miezi minne baadaye, wiki ya mwisho kabla sijastaafu, Bwana Yusuf alinipigia simu. Alisema amewafundisha ndugu na binamu zake, wote waliozaliwa Jeddah, na siku ya Idi wamegonga mlango wa sebule mpaka bawaba ikang'oka. Mkewe amekataza. Akauliza kama naweza kumtengenezea kasha.

"La kuweka nini?"

"Tupu, ndugu yangu. Plywood ya milimita kumi na mbili, kifuniko kilichokazwa kama kile."

Nililitengeneza kwa siku mbili, nikalipiga msasa ndani na nje, nikagonga na kukaza mpaka nikaikumbuka sauti. Otieno, wewe ndiye uliyelipakia lori la Jeddah, na uliniuliza mbona jepesi, mzee, umesahau kutia mzigo. Sikukujibu kwa sababu foklifti ilikuwa inapiga kelele. Sikusahau. Usiku wa siku kasha lilipofika, Bwana Yusuf alinipigia tena, akaweka simu chini karibu nalo nikasikia wanaume wasiopungua kumi wakigonga, wengi wao nje ya mwendo. Nilisimama katika chumba changu mtaani Manfuha, Riyadh, hadi walipokoma.